BREVE, DIPLOMA, LISANSI: NJIA YA KUPANDA KATIKA KAZI YA HOTELI



Kila mtu wa hapa Kasomeno anajua njia panda yetu. Gari likitoka Lubumbashi linafika hapa, na dereva sherti achague: ashike njia ya Kasenga kwenye mto Luapula, ao njia ya Kilwa na Pweto kwenye ziwa Mweru. Mwenye kukosea anaweza kurudi, ni kweli. Lakini mafuta yamekwisha kuungua, na siku imepita.

Wadogo zetu wa darasa la nane wako sasa kwenye njia panda ya namna hiyo. Kiisha likizo kubwa watachagua seksio. Wengine wananiambia wanataka kazi ya hoteli: kupika, kupokea wageni, kutumikia mezani. Ni kazi nzuri, miye siikatazi. Lakini ninawauliza ulizo moja: «Hiyo njia unayochagua inamalizika na karatasi gani?» Wanacheka. Wanasema: «Yaya, karatasi ni karatasi.» Hapana. Njo maana ninaandika haya.

ULIZO LA YAYA YANGU

Mwaka uliopita, wakati wa likizo kubwa, nilikaa kwa yaya yangu kule Lubumbashi. Yeye ni mpishi katika hoteli moja ya mjini, na ulikuwa mwaka wake wa saba mu kazi ile. Wageni wanaulizia supu yake ya samaki. Ana breve ya hoteli, ile tunayoita A3.

Siku moja nafasi ya msaidizi wa mkubwa wa hoteli ilibaki wazi. Yaya alifikiri itakuwa yake. Wakamweka kijana mwingine, mwenye lisansi, ambaye hajashika sufuria hata siku moja. Yaya ndiye aliyemwonyesha stoo, frigo na majina ya watu wa jikoni. Hakukasirika sana. Aliniambia tu: «Mudogo, ule kijana anajua kuhesabu vitu miye siwezi kuhesabu.»

Nyuma ya siku chache mtu mmoja alimletea habari njema. Alimwambia: «Lete feza, mu mwaka moja tutakupatia lisansi ya kuongoza hoteli. Breve yako inatosha.» Yaya alikuwa amekwisha kuweka nusu ya ile feza ndani ya sanduku. Akanionyesha karatasi ya huyo mtu, akaniuliza: «Weye mwenye kusoma, angalia. Iko ya kweli?»

Sikuwa na jibu. Nilipata haya, maana mimi ni finalisti na ninaongoza wanafunzi, lakini sikujua hata tofauti ya breve na diploma. Niliporudi huku nikauliza waalimu, nikasoma sheria ya masomo. Niliyojifunza ni haya.

KARATASI TATU

Katika inchi yetu, mtoto akimaliza darasa la nane, anaweza kushika njia fupi ao njia ndefu.

Njia fupi ni ya kujifunza kazi ya mikono kwa haraka. Inamalizika na breve, A3. Mwenye breve anaweza kuingia kazini mara moja: jikoni, mezani, katika vyumba. Hiyo ni heshima na inalisha jamaa.

Njia ndefu ni miaka 4 ya humanités. Kati ya seksio za ufundi kuna hoteli na restora. Huko vilevile mtoto anajifunza kupika na kutumikia, lakini pamoja na hesabu, Kifaransa, jeografia na mengine. Mwisho wake ni egzame ya Leta, ambayo ilianza mwaka 1967. Sisi finalisti tunajua uzito wake: kwanza disertasio na Kifaransa cha kusema, na kwa watu wa ufundi juri ya mazoezi, nyuma siku nne za mitihani, yaani maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsio. Mwenye kupata 50 kwa mia ao zaidi anapokea Diploma ya Leta, A2.

Karatasi ya tatu ni ya masomo ya juu. Hapa kuna jambo linalochanganya wazazi wengi. Zamani mtu alisoma gradua miaka 3, kiisha lisansi miaka 2, jumla miaka 5. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 inchi yetu imeingia katika mpango wa LMD: lisansi ni miaka 3, master miaka 2, nyuma doktora. Kila mwaka una kredi 60, basi lisansi ni kredi 180. Kwa hiyo neno «lisansi» lingali lile lile, lakini miaka yake imebadilika. Baba aliyesoma zamani akisema «lisansi», na mtoto akisema «lisansi», hawasemi kitu kimoja.

Na masomo yetu ya Kiprotestanti? Wengine wanaogopa kama diploma ya masomo ya kanisa haina nguvu. Hakuna woga hapo. Tangu mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 makanisa yanaongoza masomo, lakini masomo ni ya Leta na egzame ni moja. Mtoto wa kwetu na mtoto wa masomo ya Leta wanaandika mtihani ule ule.

SABABU GANI BREVE HAIPANDI YENYEWE

Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 inaweka mlango mmoja wa masomo ya juu: Diploma ya Leta, ao karatasi ya inchi nyingine iliyotambuliwa kuwa sawa nayo. Breve si mlango huo. Hata mtu apike miaka 7 ao 20, miaka ya kazi haigeuzi A3 kuwa A2.

Basi yule mtu aliyemwambia yaya «breve yako inatosha» alidanganya. Angepokea feza, angetoa karatasi yenye muhuri, na siku yaya angeipeleka mahali pa kweli, wangemrudisha mlangoni.

Je, mwenye breve amefungiwa kabisa? Hapana. Njia ya kurudi iko. Mtu mzima anaweza kuandika egzame ya Leta kama otodidakti, yaani mwenye kujifundisha mwenyewe. Kwanza anafanya jaribio la awali la otodidakti. Akipita hilo, anaketi pamoja na finalisti wengine. Sherti aulize mapema ku Inspection: tarehe ya kujiandikisha, karatasi zinazotakiwa, na opsio gani zimefunguliwa kwa otodidakti.

Iko vilevile INPP, iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa kufundisha watu kazi na kuwaongezea ufundi. Kwa mtu anayetaka kupika vizuri zaidi ao kupata kazi, ni msaada mkubwa. Lakini breve ya INPP inakusukuma mbele kazini, haikuingizi chuo kikuu. Tusichanganye.

LISANSI INAFUNDISHA NINI KUPITA JIKONI?

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: «Kama najua kupika, lisansi ya nini?» Ulizo ni zuri. Tuchukue mifano ya hapa kwetu. Bei nimeziweka tu kwa kuonyesha hesabu.

Mama anauza sahani ya bukari na samaki wa Luapula. Samaki 5.000 franka, unga 600, mafuta na kitunguu na nyanya 900, sombe 500. Jumla 7.000. Anauza 10.000. Anasema: «Nimepata 3.000.» Lakini makala ni nani analipa? Na maji, na mtoto anayeosha sahani, na kodi, na samaki aliyeoza jana? Watu wa hoteli wana kipimo chao: feza ya vitu vya kupika isipite sana theluthi moja ya bei ya sahani. Kwa kipimo hicho sahani ya mama ingeuzwa karibu 21.000. Hapa nani atalipa hiyo? Hakuna. Basi mwenye kuongoza anafikiri upande mwingine: tununue samaki kwa wavuvi wenyewe kule Kasenga, tupunguze ukubwa wa kipande, tupike kwa hesabu ya wageni, tusipike kwa kubahatisha. Mpishi anajua ladha ya sahani. Mwongozi sherti ajue ladha na vilevile bei.

Mfano wa pili. Nyumba ya wageni yenye vyumba 10. Mwezi una siku 30, basi kuna malalo 300 ya kuuza. Wakiuza 120, ni 40 kwa mia. Chumba ni 20.000 franka, wameingiza 2.400.000. Lakini mlinzi, sabuni, mafuta ya groupe, mishahara na kodi vinakula 2.700.000 kila mwezi. Mwenye nyumba anaona Jumamosi vyumba vyote vimejaa, anafurahi, kumbe kila mwezi anapoteza 300.000. Ili asipoteze wala asipate, sherti auze malalo 135. Yaani malalo 15 zaidi: chumba kimoja zaidi kila siku mbili. Neno hilo moja likijulikana, linaonyesha kazi ya kufanya: kwenda kuongea na madereva, kupunguza bei kati ya juma, kuosha mashuka vizuri wageni warudi.

Hayo ndiyo yule kijana wa lisansi alijua kuhesabu. Pamoja nayo kuna sheria ya kazi, namna ya kuongoza watu, usafi wa chakula, na lugha za wageni. Si uchawi. Ni mambo yanayoweza kujifunzwa, na mtu aliyepita jikoni anayashika upesi kupita wengine, kwa sababu amekwisha kuona sufuria tupu na mgeni mwenye kukasirika.

Wengine watasema César Ritz hakuwa na lisansi. Ni kweli. Alizaliwa mwaka 1850 katika kijiji cha Niederwald huko Uswisi, mtoto wa wakulima wenye watoto 13. Alianza kwa kutumikia mezani, na mwaka 1898 alifungua hoteli yenye jina lake mjini Paris. Wakati wake masomo ya hoteli yalikuwa bado kuzaliwa: lile la Lausanne lilifunguliwa mwaka 1893, na chuo kikuu cha Cornell huko Marekani kilianza kufundisha kazi hiyo mwaka 1922. Siku zile kazi yenyewe ilikuwa ndiyo diploma. Leo benki inayokopesha feza na mwenye hoteli anayetafuta mwongozi wanataka kuona karatasi. Kipaji kingali kinahitajiwa, lakini peke yake hakifungui kila mlango.

MAJIRANI WETU WANAFANYA NAMNA GANI

Tanzania wamejenga ngazi yenye namba. Cheti ni ngazi ya 4 na ya 5, diploma ya kawaida ni ya 6, diploma ya juu ni ya 7, digrii ni ya 8. Mtu aliyesoma hoteli, kwa mfano katika Chuo cha Taifa cha Utalii kule Dar es Salaam, anajua amesimama wapi na ngazi gani inafuata. Mwenye diploma anayetaka digrii, kwa kawaida wanamwomba wastani wa B, ao 3,0 katika hesabu yao. Tena VETA, shirika lao la ufundi, inapima watu waliojifunza kazini bila kusoma darasani, na wenye kuweza wanapewa cheti. Jambo hilo linastahili kuigwa.

Kenya wana Kenya Utalii College ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, na hoteli yake mwenyewe ambamo wanafunzi wanatumikia wageni wa kweli. Kwa sheria ya mwaka 2014 wameweka karatasi zote kwenye ngazi moja: diploma iko ya 6, digrii ya 7.

Uganda masomo ya hoteli yako Jinja, pamoja na hoteli ya Crested Crane. Sheria yao ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 imeruhusu milango mitatu: wenye kumaliza sekondari, wenye diploma ya ufundi, na watu wazima. Kule Makerere mtu wa miaka 25 ao zaidi anaweza kuandika mtihani wa watu wazima, na akishinda anaingia.

Jirani yetu wa karibu kabisa ni Zambia, ng'ambo ya Luapula. Lusaka kuna masomo ya hoteli yenye hoteli ya mazoezi, Fairview. Lakini mwenye kuvuka akumbuke mambo mawili: masomo ni kwa Kiingereza, na karatasi yake ya Kongo sherti ipimwe na kutambuliwa kule kwanza. Vilevile karatasi ya kule, akirudi nayo huku, sherti itambuliwe na Leta yetu.

Mnaona? Kila mahali kuna ngazi, na kila mahali mtu anapanda. Tofauti ni moja: kwa majirani mwenye diploma ya ufundi ao mtu mzima amefunguliwa mlango wake. Kwetu mlango ni Diploma ya Leta. Basi tuishike ile Diploma mapema, tukiwa vijana, mbele ya kuwa na watoto na kodi ya nyumba.

MAULIZO MATANO MBELE YA KUTOA FEZA

Mtu yeyote akikuambia «njoo usome hoteli kwetu», muulize hivi:

1. Njia hii inamalizika na karatasi gani: breve, Diploma ya Leta, ao lisansi? Ajibu kwa neno moja.

2. Mnaomba karatasi gani ili kuingia? Wakisema lisansi bila Diploma ya Leta, kimbia.

3. Chuo kimeruhusiwa na Leta kwa andiko gani? Waonyeshe namba na tarehe. Tena, diploma zake zinathibitishwa na Wizara ya Masomo ya Juu ao hapana?

4. Kama nina miaka ya gradua ya zamani, mtanihesabia nini katika LMD, na nitaanzia mwaka gani? Jibu liandikwe kwenye karatasi, lisiwe la mdomo tu.

5. Wanafunzi wanafanya staji wapi, na muda gani? Lisansi ya hoteli bila staji ni kama kujifunza kuogelea ubaoni.

Maulizo haya hayalipwi. Anayekasirika ukimuuliza, amekwisha kukujibu.

KWA WADOGO ZANGU WA DARASA LA NANE

Sisemi kila mtu apande mpaka lisansi. Kama baba amekufa na mama yuko peke yake, na sherti ufanye kazi upesi, njia fupi inaweza kuwa njia ya akili. Mpishi mwenye breve anayefanya kazi safi anamheshimu Mungu sawa na mkubwa wa hoteli. Lakini chagua ukijua. Katika Luka 14 Bwana Yesu anazungumza juu ya mtu wa mnara: kosa lake halikuwa kutaka kujenga, ni kuanza bila kuhesabu.

Na kama jamaa yako inaweza kukuvumilia ile miaka 4, shika njia ndefu. Hoteli unaweza kuisoma huko vilevile, na mwisho wake milango miwili iko wazi: wa kazi na wa masomo ya juu. Njia fupi inakupa mmoja.

Kwa waalimu wetu ninaomba jambo moja, kwa heshima. Mbele ya likizo, atafutwe mmoja wa kuwaeleza watoto wa nane na wazazi wao mambo haya kwa saa moja tu. Yaya yangu alipochagua akiwa na miaka 14, hakuna mtu aliyemwambia. Alifikiri anachagua kazi, kumbe alikuwa anachagua na mlango.

Ninyi mtataka kujua ile feza ya sanduku iliishia wapi. Yaya hakuitoa. Alinunua vitabu na taa ya jua. Alijiandikisha kama otodidakti, upande wa komersiali, ili ajifunze zile hesabu. Jikoni anatoka saa nne ya usiku, anasoma mpaka saa sita. Jaribio la awali amekwisha kulipita. Mwaka huu yeye mjini na miye huku tutaandika egzame ya Leta siku zile zile.

Ameniandikia juma lililopita: «Mudogo, usinishinde sana.»

Mtuombee sisi wawili, pamoja na finalisti wote.

Mkubwa wa wanafunzi,
finalisti